Soko la Memorial, Moshi: Nguo Imara kwa Bei Nafuu, na Gharama Inayolipwa Kwingine

Kwa mtu wa Kilimanjaro au Arusha anayetafuta nguo imara kwa fedha kidogo, soko la mitumba la Memorial mjini Moshi ndilo mahali ninapompeleka kwanza. Naanza na hukumu hiyo ili isije ikapotea katikati ya hoja zitakazofuata, kwa sababu hoja hizo ni nzito, na nyingi kati yake hazilihusu soko lenyewe bali mfumo wa uchumi unaolilisha, yaani ule unaoamini kwamba kadiri watu wanavyonunua zaidi ndivyo wanavyoishi vizuri zaidi. Nimevaa na kuwavisha wanangu nguo za Memorial kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo hiyo nimenunua pia nguo mpya za bei ya chini katika maduka ya Moshi na Arusha, hivyo ninaweza kuzilinganisha huduma hizo mbili kwa haki.

Soko lina pande mbili ambazo mgeni anapaswa kuzijua kabla hajatoa pochi. Upande mmoja kuna nguo zilizotundikwa, zilizochaguliwa na kufuliwa, na wakati mwingine kupigwa pasi. Upande mwingine kuna nguo zilizomwagwa juu ya turubai au meza ya mbao, ambako mnunuzi huinama na kuchagua mwenyewe huku muuzaji akinadi bei moja kwa mzigo wote. Fulana ya kwenye turubai hupatikana kwa shilingi 1,000 na shati la pamba la mikono mirefu kwa shilingi 4,000, wakati shati la aina hiyo hiyo likiwa limetundikwa hufika shilingi 8,000 au 10,000. Jinzi nzuri huanzia shilingi 10,000, na jaketi la baridi hupanda bei kulingana na kitambaa na zipu yake. Tofauti ya bei kati ya pande hizo mbili ni malipo ya jicho la muuzaji na ya kazi aliyoifanya usiku akichambua na kufua, na kwa mtu asiye na muda ni malipo ya haki kabisa.

Anayekwenda mara ya kwanza na afike asubuhi, wakati marobota yanapofunguliwa, kisha asikimbilie jina la kampuni lililo kifuani. Ashike kitambaa, asome lebo ya ndani inayoeleza kama ni pamba, sufu, kitani au poliesta, auvute mshono wa bega kwa vidole viwili, aitazame kola na kwapa kwenye mwanga, na aifunge na kuifungua zipu mpaka mwisho. Nguo za ndani zilizotumika asizinunue hata akibembelezwa vipi, kwa kuwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku kuingizwa kwake nchini kwa sababu za kiafya, na sioni sababu ya mtu kuhatarisha ngozi yake kwa kuokoa shilingi mia kadhaa.

Sasa niulinganishe mtumba huo na nguo mpya. Duka moja la mjini liliniuzia shati jipya la poliesta kwa shilingi 15,000, likiwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, na mshono wake wa bega uliachia kabla msimu haujaisha. Shati la pamba la Memorial, ambalo tayari lilikuwa limevaliwa na mtu nisiyemjua katika nchi nisiyoijua, bado ninalivaa. Jambo hili halitokani na bahati mbaya ya duka lile. Ripoti ya taasisi ya Ellen MacArthur Foundation ya mwaka 2017 ilieleza kwamba uzalishaji wa nguo duniani uliongezeka takribani maradufu katika miaka 15 hivi kuanzia mwaka 2000, huku idadi ya mara ambazo nguo moja huvaliwa kabla ya kutupwa ikishuka. Nguo ambayo mtengenezaji anatarajia ivaliwe mara chache hahitaji kuishona kwa uzi wa kudumu. Biashara ya namna hiyo hupata faida pale nguo inapochoka mapema, kwa maana mteja atarudi, na katika hesabu za uchumi kurudi kwake kutaandikwa kuwa ukuaji, wakati kwake yeye mwenyewe ni shilingi 15,000 zilizotoka mara mbili kwa hitaji moja.

Gharama nyingine haionekani dukani wala kwenye turubai. Poliesta hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, na kila inapofuliwa huachia nyuzi ndogo mno za plastiki ambazo huishia kwenye mito na udongo. Pamba nayo haina usafi wa malaika, kwani inakadiriwa kwamba fulana moja ya pamba hutumia takribani lita 2,700 za maji kuanzia shambani mpaka kukamilika. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, linakadiria kwamba sekta ya nguo inachangia kati ya asilimia 2 na 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu. Sehemu kubwa ya madhara hayo huwa imekwisha kutokea kabla nguo haijavaliwa hata siku moja, na kwa sababu hiyo jambo lenye uzito kuliko yote ni muda ambao nguo itavaliwa. Shati linalovaliwa miaka sita badala ya mitatu linaugawa mzigo wake kwa miaka maradufu, na linaondoa haja ya kutengenezwa shati jingine. Kwa kipimo hicho Memorial inafanya kazi ya hifadhi ya mazingira kila siku, bila bango na bila ruzuku.

Wapo wanunuzi ambao kwao soko hili lina umuhimu wa pekee, nao ni wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Mpagazi hubeba mzigo wa mgeni usiozidi kilo 20 kwa taratibu za hifadhi, hulala kambi za juu kama Barafu na Kibo, zilizo zaidi ya mita 4,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa huko baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri huku upepo ukipenya kila upenyo wa nguo. Jaketi jipya la mlimani, kwa bei ya nchi linakotengenezwa, linaweza kumaliza ujira wake wa safari nzima na kudai zaidi. Pale Memorial hulipata kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, pamoja na buti, soksi nzito na glavu, na nimewaona vijana wakiligeuza jaketi nje ndani na kulipima kwa makini ya mtu anayejua kwamba uhai wake utalitegemea. Shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project, lenye makao yake hapa Moshi, limekuwa likiwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na kazi hiyo inastahili heshima. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaolitaja jaketi la mtumba kama ushahidi kwamba soko huria linamtunza mfanyakazi. Kinga ya mtu aliye kazini ni wajibu wa anayemwajiri, na mgeni aliyelipa mamilioni ya shilingi ili afike kilele cha mita 5,895 amekwisha kulipa fedha za kutosha kumnunulia jaketi anayembebea begi. Kuiacha kinga hiyo itegemee kilichobaki kwenye makabati ya watu wa mbali ni kuuhamisha ustawi kutoka kwenye haki kuupeleka kwenye bahati.

Bahati hiyo hiyo ndiyo inayomwandama muuzaji, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo. Muuzaji wa rejareja hununua robota lililokazwa kwa mikanda, mara nyingi la kilo 45, na halifungui mpaka awe ameshalilipia. Ameambiwa ni gredi ya kwanza, ni mashati ya wanaume au ni nguo za watoto. Lakini anapolikata mbele ya wateja asubuhi anaweza kukuta nusu yake ina madoa, imechanika au ni masweta mazito yasiyofaa kwa joto la Moshi la Februari. Hakuna wa kumrudishia. Tazama mpangilio wenyewe: aliyeivaa nguo kwanza aliitoa bure na roho yake ikatulia, kampuni iliyoikusanya, pamoja na zile zinazochambua nguo katika nchi kama Poland, Falme za Kiarabu au Pakistan, zililipwa, mwenye meli alilipwa, Serikali ilichukua ushuru, mwagizaji wa jumla alipata faida yake, na hasara ya kila nguo mbovu iliyopita katika mikono hiyo yote inamwangukia mama aliyekopa mtaji kwenye kikundi. Ninaposikia kwamba biashara humlipa mtu kadiri anavyothubutu, ninamkumbuka yeye, ambaye huthubutu kuliko wote katika mnyororo huo na hulipwa kidogo kuliko wote. Wauzaji wa siku nyingi wanalalamika kwamba marobota ya sasa yana nguo dhaifu zaidi kuliko ya zamani, na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu nguo dhaifu zilizouzwa mpya huko zikiwa na bei ya chini ndizo zinazofika hapa zikiwa mitumba.

Mkoa huu hauhitaji kufundishwa dawa ya ugonjwa wa namna hiyo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, kwa sababu walikuwa wamechoka kuuza mmoja mmoja kwa mnunuzi mwenye nguvu. Wauzaji wa mitumba wakinunua kwa pamoja wanaweza kudai robota la mfano lifunguliwe kabla ya malipo, na wanaweza kugawana hasara ili isimwangukie mtu mmoja. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sijui matumizi bora ya sehemu ya fedha hizo kuliko ushirika wa aina hiyo.

Hali hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita karibu na hapa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza ujamaa na kujitegemea, na viwanda kama Urafiki, Mwatex, Mutex na Kiltex vilitarajiwa kumvisha Mtanzania kwa pamba ya Tanzania. Sitasema kwamba enzi ile ilikuwa pepo. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanaikumbuka foleni ya kanga na ya sabuni, na mashine zilizosimama kwa kukosa vipuri na umeme. Biashara ya nje ilianza kulegezwa mwaka 1984, yakafuata makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Ruksa, na mitumba ikamiminika. Watu walivaa. Hilo lilikuwa jema la kweli, na mtu aliyewahi kwenda shule na kaptura yenye viraka hatalibeza. Lakini viwanda vilivyokuwa vikiyumba kwa udhaifu wao wenyewe havikupewa nafasi ya kupona, na leo pamba ya Simiyu na Shinyanga kwa sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa ghafi. Kiwanda cha Sunflag cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1965, kinaonyesha kwamba uwezo wa kufuma na kushona haujawahi kutoweka kabisa ukanda huu wa kaskazini.

Machi 2, 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwa Ngurdoto nje kidogo ya jiji la Arusha, walikubaliana kuiondoa mitumba kwa hatua ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya kanda vipate soko. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani, kiitwacho SMART, kiliwasilisha malalamiko kwa serikali yao, na serikali hiyo ikaanza kupitia upya haki ya nchi zetu kuuza bidhaa Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda, ambayo ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilisimama na msimamo wake na Julai 2018 ikasimamishiwa msamaha wa ushuru kwa nguo zake. Kisa hiki kinafundisha zaidi kuliko hotuba nyingi kuhusu soko huria. Tuliambiwa kwamba mtumba uko hapa kwa sababu mnunuzi wa Moshi ameuchagua kwa hiari, lakini nchi zetu zilipochagua kwa hiari kuukataa, hiari hiyo ilikuja na adhabu. Uchumi unaotengeneza nguo nyingi kuliko watu wanavyoweza kuzivaa unahitaji mahali pa kuzipeleka, vinginevyo kabati zitajaa na ununuzi utasimama, na Memorial, pamoja na wema wake wote kwetu, ni mojawapo ya mahali hapo.

Nakiri pia kwamba marufuku peke yake yasingetuletea ninachokitaka. Kama viwanda havijawa tayari, pengo hujazwa na nguo mpya za poliesta kutoka Asia, yaani shati lile lile lililoachia bega, na wauzaji wetu wanabaki bila kazi.

Mtu akisimama Moshi asubuhi isiyo na mawingu anauona mlima, na ni rahisi kuusemea kuliko inavyostahili. Barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba zaidi ya 11 mwaka 1912, na kufikia mwaka 2011 zilibaki chini ya kilomita za mraba 2. Wanasayansi wanaeleza kwamba ukavu wa hewa ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 umechangia sana, kwa hiyo sitaziangushia nguo lawama ya barafu yote hiyo. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kuhusu mgawanyo wa lawama yenyewe: Mtanzania wa kawaida hutoa chini ya theluthi moja ya tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na nishati na viwanda, wakati Mmarekani wa kawaida hutoa takribani tani 14, na bado mkulima wa Rombo au Hai ndiye anayeitazama vuli ikichelewa bila bima na bila akiba. Yule aliyenunua shati jipya kila mwezi na yule aliyelivaa shati hilo mpaka kola ikaisha hawakuleta mzigo uliolingana, na sera yoyote ya tabianchi inayowahubiria wote wawili kwa maneno mamoja haijafanya hesabu yake.

Huduma bora kuliko zote niliyowahi kuipata katika biashara hii ni ya mafundi cherehani wanaofanya kazi karibu na wauzaji. Fundi anabana suruali kiunoni kwa shilingi 2,000 au 3,000, anabadilisha zipu, anageuza kola iliyochakaa upande wa ndani uwe wa nje, anapiga ovaloki ukingo unaochanika, na akipewa magauni mawili makubwa anatoa sare ya mtoto. Anazungumza na mteja kwa adabu, anasema wazi kama kitambaa hakitastahimili, na kazi yake hudumu. Katika nchi nguo hizi zinakotoka, kutengeneza zipu mara nyingi hugharimu zaidi ya kununua suruali nyingine, na kwa sababu hiyo suruali nzima ilitupwa kwa ajili ya zipu. Kasoro pekee ninayoweza kuitaja ni kwamba ukienda Jumamosi utasubiri sana; siku za katikati ya wiki ni bora, na ni vizuri kubeba uzi na vifungo vyako kama unataka rangi fulani. Ningependa kuona vyuo vya ufundi vya VETA vikiwafundisha vijana ukarabati wa nguo kama fani inayojitegemea, yenye hadhi sawa na kushona nguo mpya.

Kinachobaki ni zile nguo ambazo hata fundi huzikataa. Baadhi huwa matambara ya gereji na ya kupigia deki, baadhi hujaza mito na magodoro, na nyingine huchomwa au kupelekwa dampo, na moshi wa poliesta inayoungua si kitu cha kumwachia mtoto avute. Duniani kote chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo hurejea kuwa nguo mpya, kwa hiyo tusidanganywe kwamba kuna kiwanda mahali fulani kinachozisubiri. Ufaransa imekuwa ikiwatoza watengenezaji na waagizaji wa nguo ada ya kushughulikia nguo zilizochakaa tangu sheria yake ya mwaka 2007, na Umoja wa Ulaya mwaka 2025 ulipitisha utaratibu unaozitaka nchi zote wanachama zifanye hivyo. Ada hiyo hulipia ukusanyaji na uchambuzi huko huko, ilhali nguo yenyewe inamalizia maisha yake kwenye dampo la Manispaa ya Moshi kwa fedha za mlipa kodi wa Moshi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako Arusha, inapaswa kudai kwa sauti moja kwamba sehemu ya ada hiyo isafiri pamoja na robota, ilipie ukusanyaji wa mabaki hapa sokoni, na imfidie muuzaji kwa kila kilo ya takataka aliyouziwa kwa jina la gredi ya kwanza.